Kumasi, Cape Coast au Tamale? Kuchagua mji wa mkoa nchini Ghana

Watu wengi kutoka kwetu wakienda Ghana huishia Accra. Ndege za Nairobi na Addis Ababa zinatua pale, mikutano iko pale, na siku moja kabla ya kuondoka mgeni anapelekwa Cape Coast asubuhi na kurudishwa usiku akiwa hoi. Akirudi nyumbani anasema ameiona Ghana. Naandika haya kwa mtu mwenye wiki moja au mbili, ambaye Accra ataiona vyovyote vile, na anajiuliza siku zilizobaki alale wapi.

Ghana ina mikoa 16. Zamani ilikuwa 10. Kura ya maoni ya Desemba 2018 ikaongeza sita, ikaanza rasmi mwaka 2019. Kwa hiyo miji yenye hadhi ya makao makuu ya mkoa ni 16, Accra ikiwemo. Sitaipitia yote. Goaso, Dambai, Sefwi Wiawso na Nalerigu bado ni miji midogo ambayo mgeni huifikia akiwa na shughuli maalumu. Inayoshindania siku zako hasa ni mitatu: Kumasi, Cape Coast na Tamale. Mingine kadhaa inafaa kwa mtu anayejua anachokifuata, nayo nitaigusa mbele.

Nikuombe jambo moja kabla hatujaanza. Usiilinganishe miji hii kwa kuhesabu vivutio. Hakuna hata mmoja kati ya mitatu hii ambao ni Accra ndogo. Kila mmoja una historia inayousukuma hadi leo, na hiyo ndiyo itakayokufanya uupende au usiupende.

Kumasi: mji wenye mfalme

Serikali ina mkuu wa mkoa wa Ashanti na ina meya wa Kumasi. Hata hivyo, ukikaa siku mbili utaona mji una mwenyewe. Otumfuo Osei Tutu II alitawazwa mfalme wa Waasante mwaka 1999, na jumba lake la Manhyia si makumbusho tu. Ndiko inakopelekwa migogoro ya ardhi na ya uchifu, na watu huenda kumsikiliza kwa dhati. Kwetu wengi tumezoea machifu kuwa habari za vitabuni. Kumasi ndipo mahali pazuri kuliko pote Ghana pa kuona utawala wa jadi ukifanya kazi mchana kweupe.

Ukiweza, panga safari yako ikutane na Akwasidae. Huja kila baada ya siku 42, siku ya Jumapili. Mfalme hukaa mbele ya watu, machifu wake wanaingia mmoja mmoja chini ya miavuli mikubwa ya rangi inayorushwa juu na kushushwa kwa mapigo ya ngoma, na dhahabu inayovaliwa siku ile huvaliwa kwa sababu ni wajibu wa cheo. Wageni wanaruhusiwa kutazama. Uliza tarehe kabla ya kukata tiketi ya ndege, maana ukikosa kwa siku tatu umekosa kwa wiki sita.

Makumbusho ya Manhyia yamo kwenye nyumba iliyojengwa mwaka 1925 kwa ajili ya mfalme Prempeh wa Kwanza, aliporudi kutoka uhamishoni. Waingereza walimkamata mwaka 1896, wakamweka kwanza kwenye ngome ya Elmina pwani, wakampeleka Sierra Leone, kisha Shelisheli. Msomaji wa Uganda asimame hapo kidogo: huko huko Shelisheli ndiko walikopelekwa Kabalega wa Bunyoro na Mwanga wa Buganda. Yaa Asantewaa, mama aliyeongoza vita vya mwaka 1900 baada ya gavana wa Kiingereza kudai aletewe Kiti cha Dhahabu, alama takatifu ya ufalme wa Waasante, akikalie, naye alipelekwa huko na akafia huko mwaka 1921. Kiti chenyewe hakikaliwi na mtu yeyote, hata mfalme. Mwaka 2024 baadhi ya vitu vilivyoporwa Kumasi, vikiwemo vya vita vya 1874, vilirudi Manhyia kuoneshwa. Vile vya makumbusho mawili makubwa ya London vimeletwa kwa mkopo. Waasante wanaazimwa mali yao. Kuviona mahali vilipotoka ni sababu tosha ya kwenda.

Halafu kuna biashara. Soko la Kejetia na Soko la Kati lililopakana nalo huhesabiwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya Afrika Magharibi. Usiingie na begi kubwa mgongoni, na usiingie ukiwa na haraka. Suame Magazine ni eneo la mafundi wa magari ambako injini inavunjwa, inachongwa na kufungwa upya, na mabati yanachomelewa kutwa nzima. Mtu wa Gerezani au Kamukunji hatahitaji mkalimani pale.

Nje kidogo ya mji, kama kilomita 20, kipo kijiji cha Bonwire kinachofuma kente, kile kitambaa maarufu cha Waasante. Hapa ningependa ukae, usipite tu na kupiga picha. Mfumaji anakaa ndani ya kitanda chembamba cha mbao cha kufumia. Nyuzi za mtande zimenyooka mbele yake mita kadhaa, na mwisho wake zimefungwa kwenye kitu kizito kilicholazwa chini, mara nyingi jiwe. Kadiri anavyofuma, jiwe linamsogelea kwa kuburuzwa. Miguu inavuta kamba kati ya vidole, mikono inarusha uzi kulia na kushoto, na kinachotoka ni utepe usiozidi upana wa kiganja. Nguo nzima ya mwanamume ni tepe nyingi kama hizo zilizoshonwa ubavu kwa ubavu. Ukishaona hivyo, bei ya kente halisi haitakushangaza tena, na utaitambua kwa kugusa ile ya kiwandani iliyochapwa.

Kasoro za Kumasi ni za mji mkubwa. Foleni kuzunguka Kejetia na Adum inachosha, na lile jina la "mji wa bustani" linahitaji uvumilivu kuliamini. Chukua hoteli pande za Nhyiaeso au Ahodwo upate kupumua. Jumamosi utaona watu kwa mamia wamevaa nyeusi na nyekundu: ni misiba, na Waasante huizika jamaa yao kwa heshima kubwa, kwa viti, mahema na ngoma. Ukialikwa, nenda, na utoe chochote kidogo mkono wa kulia. Kwa wapenda soka, uwanja wa Baba Yara ndio nyumbani kwa Asante Kotoko, na ndipo Yanga walipotoka sare ya 1–1 na Medeama, klabu nyingine ya Ghana, Desemba 2023.

Cape Coast: ngome, shule na bahari

Cape Coast ndiyo iliyokuwa makao ya Waingereza katika Gold Coast, jina la Ghana enzi za ukoloni, hadi mwaka 1877 walipohamia Accra. Kuhama kule kuliuacha mji na nyumba zake za zamani, vilima vyake, na shule. Mfantsipim ilianzishwa mwaka 1876, na Kofi Annan alisoma pale. Wesley Girls, Adisadel, St. Augustine's na Chuo Kikuu cha Cape Coast vyote viko hapa. Ukiwa na mtoto anayetafuta chuo Ghana, au wewe mwenyewe ni mwalimu, huu ndio mji wa kutembelea kwanza, kabla ya Kumasi. Mazungumzo ya wenyeji kuhusu nani alisoma wapi hayana mwisho, na wanayachukulia kwa uzito.

Lakini mgeni analetwa hapa na ngome. Cape Coast yenyewe ina moja, na Elmina, kilomita kama 12 magharibi, ina ile ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1482. Zote ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1979. Aliyefika Mkunazini, Unguja, anakumbuka kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa baada ya soko kufungwa. Cape Coast mpangilio ni mwingine na ni mgumu zaidi kuubeba: kanisa lilikuwa juu na wafungwa walikuwa chini yake, wakati huo huo. Watu walisali huku mamia wamejazwa gizani chini ya sakafu. Kiongozi wako atakuonesha tundu dogo la hewa lilipo. Kisha anakutoa kwenye mlango wa kuelekea baharini, na nje ya mlango ule unakuta mitumbwi ya rangi, nyavu zinashonwa na wavulana wanacheza mpira mchangani. Ukigeuka, juu ya mlango ule ule kwa upande wa nje pameandikwa kwamba ni mlango wa kurudi.

Hii ndiyo sababu napinga safari ya kwenda na kurudi siku moja. Mtu hapaswi kutoka mle akapakiwa kwenye gari kwenda kukaa foleni ya Kasoa, mji ulio njiani kuingia Accra. Lala. Kesho yake amka mapema uende Kakum, kama kilomita 30 kaskazini, ambako tangu 1995 kuna njia ya kamba na mbao iliyotundikwa juu ya msitu, mita mia tatu na hamsini hivi. Ukiogopa kimo, baki chini na mwongozaji, msitu wenyewe unatosha. Siku ya tatu nenda Elmina ukaone samaki wakishushwa.

Ukibahatika kuwa hapo Jumamosi ya kwanza ya Septemba utakuta Fetu Afahye, sikukuu ya mji. Makundi saba ya asafo, ambayo asili yake ni vikosi vya ulinzi, yanaandamana kila moja na bendera na rangi zake. Malazi hujaa mapema mno wiki hiyo.

Upungufu wake? Cape Coast ni mji mdogo, na jioni zake ni za kimya. Vijana wanaouza bangili karibu na ngome watakuuliza jina lako na dakika kumi baadaye watakuletea bangili imeandikwa jina hilo. Kataa kwa upole, mara moja, na uendelee na safari.

Tamale: kaskazini kwingine

Kutoka Accra hadi Tamale ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara. Njiani msitu unaisha, migomba inapotea, ardhi inakuwa nyekundu na tambarare, na mshea unaanza kuonekana mashambani. Watu wa kusini wengi hawajawahi kufika. Ndiyo maana mtu aliyefika Tamale akirudi Accra anasikilizwa.

Huu ni mji wa Wadagomba, wengi wao Waislamu. Mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja atajikuta hana kazi ya kutafuta nyama ya halali wala msikiti. Sikukuu ya Damba inaangukia mfungo sita, mwezi wa Maulidi, na ile ya moto, Bugum, inaangukia mfungo nne. Lakini usitarajie kasida za Lamu. Damba ni ngoma, farasi na machifu waliovaa fugu, lile joho fupi la tepe za pamba zilizofumwa kwa mkono ambalo Nkrumah alivaa usiku wa uhuru, Machi 1957.

Mfalme wa Wadagomba, Ya-Na, hakai Tamale. Anakaa Yendi, upande wa mashariki. Tamale ulikuzwa na Waingereza kuwa makao ya utawala wa kaskazini mwanzoni mwa karne ya 20, na bado una tabia hiyo ya mji wa kazi: ofisi, mashirika, maghala, stendi. Tofauti na kusini inaonekana hata pale mtawala anapokaa: Mwasante hukalia kiti, Mdagomba hukalia ngozi ya mnyama. Kwa Waasante urithi wa uchifu hupitia kwa mama, na mama wa ufalme ndiye anayependekeza mfalme. Hapa unapitia kwa baba. Ukienda Kumasi na Tamale katika safari moja utaelewa kwa nini Waghana husema "kaskazini" kwa sauti tofauti.

Barabarani ni pikipiki, na wanawake wanaziendesha kwa wingi, ushungi kichwani, mtoto mgongoni, mizigo mbele. Mji ni tambarare, nao ni rahisi kuuelewa kuliko Kumasi. Na kwa mtu wa sanaa, Tamale imeipita Accra. Msanii Ibrahim Mahama, mzaliwa wa hapa, amejenga vituo kwa pesa zake mwenyewe. Kile cha Red Clay, nje ya mji, kina majengo ya matofali mekundu, mabehewa ya zamani ya treni na ndege zilizostaafu ambamo watoto wa shule huingia kusoma. Siku nzima inaweza kuishia pale.

Kuhusu Mole, hifadhi kubwa kuliko zote Ghana, nikueleze wazi. Ina kilomita za mraba 4,840, theluthi moja ya Serengeti, na mtu wa Arusha au Narok asiende kwa kutarajia wingi wa wanyama. Kinachovutia ni kuwafuata tembo kwa miguu ukiwa na askari wa hifadhi, na msikiti wa udongo wa Larabanga ulio jirani, mweupe, wenye miti iliyochomoza ukutani. Ukitaka Mole peke yake, lala Damongo, makao makuu ya mkoa mpya wa Savannah, badala ya kwenda na kurudi kutoka Tamale.

Hali ya hewa ndiyo itakayokuamulia. Machi na Aprili joto la Tamale ni la kutisha. Desemba hadi Februari upepo wa Harmattan unaleta vumbi la jangwani; midomo inapasuka, na hapo ndipo utakapojua thamani ya mafuta ya shea yanayouzwa kila kona. Novemba ni mwezi mzuri.

Mezani

Kwa wengine chakula ndicho kitakachoamua, nami siwalaumu. Kumasi ni fufu: muhogo na ndizi za kupika, vimetwangwa kinuni hadi vinavutika, vikawekwa ndani ya supu nyepesi au ya karanga. Mkongomani asidanganyike na jina, hii si ya unga. Nayo haitafunwi, inamezwa. Cape Coast ni samaki na kenkey ya Wafante, donge la mahindi yaliyochachuka lililofungwa kwa majani makavu ya mgomba, laini kuliko ile ya Accra. Tamale ni tuo zaafi, ugali laini, na mboga ya ayoyo ambayo ni mlenda wetu kabisa. Kando yake agiza kanga wa kuchoma. Mtu wa Dodoma au Singida akila pale Tamale hataamini yuko mbali na nyumbani. Mimi nikiambiwa nichague meza moja tu, ni hiyo.

Miji mingine, kwa anayejua anachofuata

Ho, mkoa wa Volta, ni chaguo la mtu anayetaka milima na utulivu. Ni mji wa Waewe, safi, wenye watu wapole, na kutoka hapo unafika Amedzofe, maporomoko ya Wli na mlima Afadja wenye mita 885. Historia yake inafanana na ya Tanganyika kuliko ya Accra: ilikuwa chini ya Wajerumani, ikakabidhiwa Waingereza baada ya vita, na mwaka 1956 watu wakapiga kura kujiunga na Gold Coast. Mzee wa Ho na mzee wa Moshi wanaweza kuongea muda mrefu.

Koforidua haihitaji kulala. Nenda Alhamisi, siku ya soko la shanga, uone shanga za Wakrobo zinazotengenezwa kwa kusaga chupa na kuchoma unga wake kwenye vibao vya udongo. Rudi Accra jioni.

Sekondi-Takoradi ni mji wa kazi: bandari ya 1928, reli, na mafuta yaliyoanza kuchimbwa baharini mwishoni mwa 2010. Kodi za nyumba zilipanda, na si kila alichotarajia mwenyeji kilikuja. Msomaji wa Mtwara hahitaji maelezo. Kwa mtalii, ni njia ya kwenda ufukwe wa Busua.

Bolgatanga na Wa viko juu kabisa. Bolga ni kwa mnunuzi wa vikapu na ngozi, na soko lake huja kila siku ya tatu. Wa ni kwa mtu asiye na haraka, mwenye hamu ya kuona jumba la udongo la Wa Naa, mfalme wa hapo, na viboko wa Wechiau. Kabla ya kwenda Bolga, fuatilia habari za Bawku, mji wa mashariki mwa mkoa huo huo ambako mgogoro wa uchifu umeua watu wengi tangu ulipolipuka upya mwaka 2021, na usikaribie mpaka wa Burkina Faso kwa udadisi tu.

Sasa chagua

Una siku tano nje ya Accra: chukua basi hadi Kumasi, lala siku tatu, kisha shuka Cape Coast kwa barabara ya kusini, lala mbili, urudi Accra kwa njia ya pwani. Pembetatu hiyo haikurudishi njia ile ile. Ukilazimika kuacha mmoja, acha Cape Coast ikiwa umeshafika Mkunazini au Bagamoyo na moyo wako hautaki tena habari hizo kwa sasa. Ikiwa hujafika, acha Kumasi. Una siku kumi au zaidi: panda ndege Accra hadi Tamale, kama saa moja, kisha teremka kwa barabara kupitia Kumasi hadi pwani. Kushuka ni bora kuliko kupanda, kwa sababu uchovu wa safari ndefu unaumaliza ukiwa kwenye miji yenye hospitali kubwa na mabasi mengi.

Beba cheti cha homa ya manjano, bila hicho utapata shida uwanja wa ndege. Ukivuka barabara tazama kushoto kwanza, maana Ghana wanaendesha kulia tangu 1974. Na ile barabara ya Tamale kwenda Kumasi, ipite mchana. Usikubali basi la usiku hata nauli ikiwa nusu.